Ua la Mvua na Lebo Yake: Tuliyojifunza Kuhusu Sampuli za Gloriosa Lindi na Mtwara

Gloriosa superba ni rahisi kulitambua likiwa hai, na ni gumu kulisoma likishakauka. Porini halihitaji utangulizi. Mmea hupanda juu ya vichaka kwa kujishikiza na ncha za majani yake, halafu petali sita hupinduka kurudi nyuma kama ndimi za moto, njano chini na nyekundu juu, kingo zake zikiwa na mawimbi. Vitabu vingine huliita mkalamu. Kwenye karatasi ya hebaria, yaani ghala la mimea mikavu iliyobanwa na kubandikwa, moto ule wote huwa kahawia. Anayeifungua karatasi hiyo miaka themanini baadaye hana cha kushika ila umbo lililopangwa kabla halijakauka, na maneno yaliyoandikwa siku ua lilipochumwa. Kwa hiyo kazi yote tunaipanga kwa swali moja: kukauka kutaua nini? Hicho ndicho kinachoandikwa kwanza.

Shida ya kusini ni kwamba ua hili huja na mvua. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine Mei. Gloriosa huchipua na mvua hizo na kuchanua zikiwa zimekolea, wakati korosho zimeshaondoka maghalani, barabara za udongo za kupanda Rondo na uwanda wa Makonde zinateleza, na hewa ya pwani ina unyevu wa kulowesha gazeti lililoachwa mezani usiku mmoja. Kiangazi, ambapo chochote unachoanika kinakauka, mmea huu hauonekani. Umerudi kwenye kiazi chake chini ya udongo. Ukiona orodha ya sampuli za kusini ina maua machache ya Januari na Februari, kabla hujasema ua ni adimu, jiulize ni wangapi wamewahi kufika huko Januari na Februari.

Tuanze na daftari. Tumia penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida hutawanyika daftari likinyeshewa. Kila mchumo unapata namba moja, na namba za mkusanyaji ni mfululizo mmoja wa maisha yake yote. Usianze tena na 1 kila mwaka wala kila safari. Anayeanza upya atakuwa na namba 12 tatu ndani ya miaka mitatu, na karatasi zikishasambaa kwenye hebaria nne, hakuna atakayejua picha ya namba 12 ni ya ipi. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye shina, juu ya gazeti la kubania, kwenye bahasha ya mbegu, na kwenye karatasi inayopigwa picha pamoja na ua.

Kisha andika yale yatakayopotea. Rangi ndiyo ya kwanza, na kwa Gloriosa neno "nyekundu" halitoshi, kwa sababu ua hubadilika kadiri linavyozeeka: hufunguka likiwa na kijani, likawa la njano, kisha wekundu ukashuka kutoka nchani hadi kulifunika karibu lote. Shina moja linaweza kubeba hatua zote tatu siku moja. Andika basi: "ua la juu kabisa kijani-njano, la kati njano chini na nyekundu nusu ya juu, la chini jekundu lote." Bila hivyo, msomaji atakayeona lebo mbili, moja "njano" na nyingine "nyekundu", atadhani ni aina mbili. Makosa ya namna hiyo yamewahi kuzaa majina. Karatasi za zamani za ua hili utazikuta chini ya Gloriosa simplex na Gloriosa virescens, na nyingi kati ya hizo zimewahi kuingizwa kwenye Gloriosa superba, jina ambalo Linnaeus alilitoa mwaka 1753.

Andika urefu wa mmea, maana karatasi haitaonyesha kama shina lilikuwa nusu mita au mita mbili. Andika lilikuwa limepanda juu ya nini, au lilisimama peke yake kwenye mchanga. Andika udongo: mchanga mweupe wa pwani, udongo mwekundu wa juu ya uwanda, mfinyanzi mweusi wa bondeni. Andika idadi kwa kuhesabu. "Mengi" kwa mmoja ni matano na kwa mwingine ni mia. "Mashina 14 yenye maua ndani ya hatua 20 kwa 20" ni jambo ambalo mtu anaweza kurudi kulipima miaka kumi baadaye. Na andika kama mmea ni wa porini au umepandwa. Gloriosa hupandwa kwenye bustani za nyumba na hoteli, na sampuli ya uani iliyoandikwa kama ya msituni huharibu ramani nzima.

Jambo moja la lugha yetu linaloleta vurugu ni saa. Mtu akiandika "saa 3" daftarini, simu iliyopiga picha imeandika 09:12, na anayeingiza kumbukumbu kwenye kompyuta miezi sita baadaye ataandika 03:00. Andika "saa 3 asubuhi (09:00)" kila mara. Tarehe nayo, mwezi uandikwe kwa herufi. "3/2/2019" kwa msomaji wa Marekani ni tarehe 2 Machi.

Uchumaji wenyewe una mipaka. Kanuni tunayoishika ni mmea mmoja kwa kila ishirini uliouona. Mashina yakiwa chini ya ishirini, piga picha, andika, chukua tawi moja lenye ua na majani, na kiazi kiache ardhini. Kwenye ardhi ya kijiji anza kwa mwenyekiti na mtendaji. Msitu wa hifadhi wa serikali uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali kitangulie kabla ya mkasi.

Mahali pa idadi ya kutosha, kiazi kimoja ni muhimu, kwa kuwa umbo lake, lililopinda kama herufi V au L, ni sehemu ya utambulisho. Chimba kwa mwiko wa fundi au jembe dogo, ukianza sentimita 20 pembeni mwa shina. Ukivuta shina, linakatika na kiazi kinabaki. Hapa lazima tuseme kwa uzito: mmea wote una sumu iitwayo kolkisini, na kiazi pamoja na mbegu vina sumu ya kuua mtu. Kusini ni nchi ya ming'oko. Watu wa Mtwara na Lindi wanajua kuchimba viazi pori, huvichemsha na kuvila, na huviuza barabarani. Kiazi cha Gloriosa kilichoachwa kwenye ndoo jikoni, au kwenye mfuko usioandikwa, ni hatari kwa mtoto anayejua kwamba kiazi cha porini ni chakula. Beba viazi kwenye mfuko wake wenye maandishi SUMU, tumia kisu ambacho hakirudi jikoni, vaa glavu, nawa kwa sabuni. Na mtu wa kijijini akikusaidia kuchimba, mwambie mapema unachimba nini.

Kiazi hakibanwi kikiwa kizima. Kizima kina maji na akiba ya kutosha kukaa hai ndani ya presi, yaani fremu za kubania mimea, wiki kadhaa, na kinaweza kuchipua kwenye gazeti huku ua la juu limeshaoza kwa unyevu wake. Kipasue kwa urefu, chukua kipande cha unene wa milimita 5 chenye umbo kamili, na ukitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au kwenye spiriti ili seli zife. Ua na majani visiguse maji hayo.

Sasa kubana. Presi yetu ni fremu mbili za mbao za mfito, takriban sentimita 45 kwa 30, mikanda miwili yenye kifungo, magazeti, na maboksi ya kadibodi yenye mawimbi yaliyokatwa kwa ukubwa huo. Karatasi ya mwisho ya hebaria ni takriban sentimita 42 kwa 28, kwa hiyo chochote kinachozidi hapo kitakatwa baadaye na mtu asiyekijua. Afadhali ukikate wewe. Shina la mita moja na nusu likunjwe kwa umbo la V au N, au likatwe vipande vitatu vilivyoandikwa "chini", "kati", "juu".

Kinachoharibika zaidi ni ncha za majani. Jani la Gloriosa huishia kwenye kikono chembamba kinachojisokota, na hicho ndicho kitambulisho kinachobaki hata pasipo ua. Ukiling'oa shina kichakani kwa nguvu, vikono vyote hubaki vimeshika kichaka. Vifungue kimoja kimoja, au kata kichaka chenyewe pale kikono kilipojifunga, uchukue pamoja na kijiti chake. Kila sampuli iwe na majani yasiyopungua matatu yenye ncha kamili, na angalau moja ligeuzwe mgongo juu.

Ua lenyewe linataka subira. Petali zake zimepinduka nyuma, stameni sita, yaani nyuzi zenye chavua, zimetawanyika pembeni, na kijiti cha ovari, kifuko cha mbegu, hupinda karibu pembe mraba pale kinapotoka kwenye ovari. Pembe hiyo ni alama, na presi ikifungwa ovyo huinyoosha au kuivunja. Tunabana maua matatu kwa kila namba kama yapo: moja kwa ubavu, likibaki na umbo lake la asili, moja likitazama juu, petali zimefunguliwa kwa vidole na kushikiliwa na vipande vidogo vya karatasi mpaka boksi la juu lishuke, na la tatu limepasuliwa, ovari ionekane. Weka karatasi ya kuokea mikate juu na chini ya kila ua. Karatasi laini ya choo hunata kwenye petali mbichi, na ukiibandua unabandua ua.

Baada ya muda wa saa kumi na mbili hivi tangu kubana, fungua presi. Majani yamelegea lakini hayajakauka, na huo ndio wakati pekee wa kurekebisha mkunjo. Baada ya hapo, kila mkunjo ni wa kudumu. Badilisha magazeti kila siku, asubuhi na jioni kwa siku mbili za kwanza kama uko pwani, na kaza mikanda kila mara kwa sababu mimea husinyaa. Presi iliyolegea huzaa majani yaliyokunjamana kama ngozi.

Bila moto, Januari ya Lindi haikaushi. Hilo lichukuliwe kama sheria. Magazeti pekee yatakufikisha siku ya nne ukiwa na ukungu mweupe kwenye vifundo vya shina. Kifaa rahisi ni sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala sakafu, presi ikisimama juu yake kwa ubavu, balbu mbili za wati 100 za mtindo wa zamani chini, umbali wa sentimita 40 hadi 60. Pasipo umeme, jiko la mkaa lililofunikwa majivu, umbali wa karibu mita moja, na mtu wa kulilinda usiku kucha. Joto liwe kati ya nyuzi 40 na 50. Likipita 60 majani huwa kahawia na kuvunjika, na sehemu ya vinasaba huharibika. Mawimbi ya kadibodi yote yaelekee upande mmoja, wazi chini na wazi juu, hewa moto ipite. Boksi moja likiwekwa kinyume katikati ya presi huziba njia, na sampuli mbili zinazoligusa hukauka siku mbili baada ya nyingine zote.

Presi isianikwe juani ikiwa imelala wazi. Jua hufifisha rangi kidogo iliyobaki na hukausha kingo huku katikati kukiwa kubichi. Kupima kama imekauka, gusa kwa mgongo wa mkono: sampuli yenye maji bado ni ya baridi. Wengine wamefundishwa kugusa kwa mdomo. Kwa mmea huu wasifanye.

Ukiwa mbali na moto wowote kuna njia ya spiriti, inayohusishwa na Mjerumani Georg Schweinfurth. Sampuli zikiwa ndani ya magazeti, zifunge bunda la unene wa sentimita 15, tia kwenye mfuko mzito wa plastiki, mimina spiriti ya asilimia 60 hadi 70 mpaka magazeti yalowe bila kuogelea, kisha ziba hewa. Zitakaa wiki kadhaa na kukaushwa ukifika mjini. Bei yake ni kwamba rangi hupotea yote na vinasaba huharibika, kwa hiyo chukua kwanza vipande vya jani, jumla kama sentimita nne za mraba, uvitie kwenye kifuko chenye silika geli, punje za kunyonya unyevu, uzito wa silika ukiwa mara kumi ya jani. Na andika kwenye lebo kwamba sampuli ilipitia spiriti. Asiyejua atadhani ukahawia ule ni wa asili.

Sasa mahali, na hapa tunakaa muda mrefu kwa sababu hapa ndipo kumbukumbu nyingi za kusini zimevunjika.

Jina la mahali peke yake halitoshi. "Mnazi Mmoja" kwa mtu wa Lindi ni njia panda ambapo barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinakutana. Kwa mtu aliyekaa Ulaya na ramani ya intaneti, Mnazi Mmoja ni Dar es Salaam au Zanzibar, na ua la kusini linahamia huko. Andika mkoa, wilaya, kata, kijiji, kisha umbali na uelekeo kutoka mahali pasipohama: daraja, makutano, shule, kanisa, msikiti. "Kilomita 3.2 kwa barabara ya Masasi kutoka njia panda ya Mnazi Mmoja, mita 150 kusini mwa barabara, ukingo wa shamba la mikorosho." Sema kama umbali ni wa barabara au wa moja kwa moja. Kwenye barabara za kupanda Rondo tofauti ya viwili hivyo ni kubwa.

Mipaka nayo huhama. Lindi na Mtwara zilikuwa mkoa mmoja hadi 1971, na kabla yake zilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini. Tandahimba ilikuwa Newala, Nanyumbu ilikuwa Masasi. Lebo za zamani zinazosema "Mikindani" zinaweza kumaanisha wilaya nzima, si mji wenyewe, na Mtwara haionekani sana kwenye lebo za kabla ya vita kuu ya pili kwa sababu bandari na mji wake vilikua na mradi wa karanga ulioanza 1947. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa kati ya 1952 na 2012, iligawa Tanzania bara sehemu nane. Lindi, Mtwara na Ruvuma zote ni T8. Ukikuta "T8" peke yake, unajua tu kwamba ua lilitoka mahali fulani kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa.

Tahajia ni mlango mwingine. Wajerumani waliandika "tsch" kwa "ch", na Rovuma kwa Ruvuma. "Muera-Plateau" ya lebo zao ni uwanda wa Rondo, kwa jina la Wamwera. L na R hubadilishana: ziwa liitwalo Lutamba kwenye lebo liko kwenye kata ya Rutamba. Unaponakili lebo ya zamani, nakili kwanza herufi kwa herufi kama ilivyo, kwenye safu yake, kisha tafsiri yako iwekwe kwenye safu nyingine. Anayesahihisha moja kwa moja juu ya maneno ya asili ameziba njia ya yeyote atakayegundua kwamba sahihisho lilikuwa kosa.

Kwa vipimo vya setilaiti, andika digrii za desimali kwa tarakimu nne au tano baada ya nukta, pamoja na kiwango cha mashaka kwa mita. Tarakimu ya nne ni kama mita 11, na simu chini ya msitu mzito haiwezi zaidi ya hapo. Alama ya kutoa mbele ya latitudo ni uhai wa kumbukumbu. Lindi mjini iko karibu −10.0, 39.7. Ukiisahau alama, ua limehamia nyanda za juu za Ethiopia. Ukibadilisha nafasi ya namba mbili hizo, limezama Atlantiki, magharibi ya Ureno. Kosa la tatu ni la kimyakimya: ramani za karatasi za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960, simu hutumia mwingine, WGS84, na tofauti yake ni karibu mita 300. Kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, mita 300 zinatosha kulishusha ua kutoka juu mpaka kwenye mteremko. Andika mfumo uliotumia.

Majina ya wenyeji yana thamani kuliko inavyodhaniwa, yakiandikwa kwa uangalifu. Taja lugha: Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua zote zinasemwa ndani ya safari ya siku moja, na "jina la kienyeji" bila lugha halina anwani. Uliza watu wawili wasiosikiana. Onyesha mmea mzima, maana ukishika ua tu, mtu atakujibu "ua". Muulize kila mmoja jina lina maana gani. Mara nyingine jibu ulilopewa ni "sumu" au "sijui", na limekwenda kwenye hebaria kama jina. Matumizi ya dawa yaandikwe kwa ridhaa ya aliyesema, na akitaka yabaki kwake, yabaki.

Nakala ni suala la usalama. Mmea ukiruhusu, chukua seti tatu hadi tano zenye namba moja: moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, moja hebaria ya taifa Arusha, moja Nairobi, na nyingine kwa mtaalamu wa familia ya mimea husika. Mkusanyaji Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya maelfu ya mimea Tanganyika, na mwaka 1934 na 1935 alikuwa Lindi, Lutamba na uwanda wa Muera. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 hebaria ya Berlin, zilikokuwa karatasi zake, iliungua kwa mabomu. Mimea ya Lindi ambayo nakala zake zilikuwa zimeshatumwa miji mingine bado inasomeka leo, na iliyokuwa na karatasi moja tu Berlin imebaki jina na maelezo.

Nakala hizo hizo huleta tatizo ukisoma data mtandaoni. Mchumo mmoja wenye karatasi tano, kila hebaria ikiingiza yake kwenye GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, huonekana kama kumbukumbu tano. Panga kwa jina la mkusanyaji, namba na tarehe kabla ya kuhesabu chochote. Tazama pia nukta zinavyojipanga: zikifuata barabara ya Lindi kwenda Masasi kama shanga kwenye uzi, unachokiona ni barabara. Na tarehe 1 Januari zikijazana, mara nyingi ni kompyuta iliyojaza siku na mwezi pale lebo ilipotaja mwaka peke yake.

Kubandika ni kazi fupi. Gundi nyeupe kidogo, vipande vya utepe wa kitambaa juu ya shina, lebo kona ya chini kulia, bahasha ya vipande vilivyodondoka upande wa juu. Selotepu isitumike kamwe. Hugeuka njano, hubanduka, na gundi yake hubaki kwenye jani. Kabla ya kuingia kabatini, sampuli ikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri wiki nzima ikiwa ndani ya plastiki iliyofungwa, kuua wadudu na mayai yao, na iachwe irudi kwenye joto la kawaida kabla plastiki haijafunguliwa ili umande usiishukie. Karatasi za zamani zishikwe kwa glavu, maana nyingi zilipakwa kloridi ya zebaki dhidi ya wadudu. Jina likibadilishwa na mtaalamu, kibandiko kipya chenye jina lake na mwaka kiongezwe. Cha zamani hakifutwi wala kufunikwa.

Baada ya hapo bado kuna safari ya pili, ambayo wengi huiacha. Mashina uliyoyahesabu Januari yatakuwa na matunda mvua zinapoelekea kuisha, Machi hadi Mei. Tunda hupasuka likikauka na kuonyesha mbegu nyekundu, na kumbukumbu yenye ua bila tunda ni nusu. Funga utepe kwenye mashina matatu siku ya kwanza, mwambie mwenye shamba utepe ni wa nini ili asiufyeke wakati wa kupalilia chini ya mikorosho. Ukirudi, tunda lichumwe kabla halijapasuka na liwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwani ndani ya plastiki litaota ukungu. Mchumo huo ni namba mpya, wenye tarehe yake, na kwenye lebo yake andika "mmea uleule wa namba" ikifuatwa na namba ya Januari. Kisha urudi kwenye lebo ya Januari, uandike namba ya tunda.